Kilio cha Sauti Nne

Kwanza niseme habari ya harufu. Ukumbi tuliokuwa tukifanyia mazoezi kule Ruhuwiko ulikuwa ghala la tumbaku zamani, na ukiingia siku ya mvua unalijua hilo kabla hujaambiwa. Tumbaku iliondoka, harufu ikabaki. Popo wa darini wakaongeza ya kwao. Vibuyu vyetu vya ngoma ya malipenga, vile vinavyotobolewa ubavuni na kuzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume, vikaongeza ya tatu, maana kibuyu kikizunguka vinywa vya watu wazima, na kinywa kimoja kimetoka kunywa pombe ya komoni, hakiwezi kunukia. Nimefundisha humo miaka mingi, nimepumua yote hayo, sikuwahi kutapika. Siku niliyotapika ukumbi ulikuwa umefagiliwa na madirisha yalikuwa wazi.

Mimi ni mwalimu wa muziki. Nimeongoza kwaya tangu ujana wangu, nikianzia kanisani kwetu hapa Songea, na nimeona ya kuchefua mengi kiasi kwamba nashangaa bado naupenda wimbo. Nimekaa kwenye mashindano ambako majaji wameinamia karatasi za noti kama watu wanaochambua mchele, wanatafuta kijiwe, wala hawainui macho kumtazama anayeimba. Nimeona kinanda cha umeme kikiingia kanisani na ngoma zake tumboni; mpigaji anabonyeza kitufe, kinanda kinapiga chenyewe, naye anabaki kuwapungia ndugu zake mkono. Nimeona kwaya ikirekodi video bustanini, imevaa satini ya zambarau, inafungua midomo bila kutoa sauti, na mwongozaji, mtu mzima mwenye wajukuu, anarusha mikono kuwaongoza watu wasioimba. Mwongozaji huyo nilikuwa mimi. Mpiga picha aliniambia nitabasamu zaidi.

Kilichoniponya ni umeme kukatika. Ilikuwa misa ya ndoa, kinanda kikafa katikati ya wimbo wa matoleo. Wanakwaya wangu walitazamana, kisha dada mmoja wa sauti ya kwanza akaendelea peke yake, besi wakamfuata kwa kuguna, mwingine akaanza kupiga benchi kwa kiganja, na wimbo ukaiacha njia tuliyoikariri ukaenda zake. Sikuongoza chochote. Nilisimama nimeshusha mikono, nasikiliza. Ulipokwisha nilikuwa na machozi. Misa ilipokwisha, wanakwaya walikwenda sakristia kumwomba paroko radhi.

Waliomba radhi. Kwa jambo zuri kuliko yote waliyowahi kufanya mle ndani, waliinamisha vichwa wakaomba wasamehewe. Niliudhika mpaka nikashindwa kula pilau ya watu, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe kikundi changu.

Nilikusanya watu waliokuwa tayari kupiga na kuimba papo kwa papo, bila wimbo. Walikuwamo walimu, muuguzi mmoja, seremala, wenye maduka, Wangoni na Wamatengo wa hapahapa, na watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, Wakristo kwa Waislamu. Sheria ilikuwa moja: usije na kitu ulichokiandaa nyumbani. Nilikuwa nawaongoza kwa ishara. Kiganja wazi kikielekezwa kwako, ingia. Kidole sikioni, msikilize jirani yako kabla hujafungua kinywa. Ngumi, kimya. Mtaani walituita kwaya ya vichaa, na bodaboda wa pale kona walipenda kuniuliza, "Shikamoo Mwalimu, leo mnapandisha mapepo saa ngapi?" Sikuwahi kukasirika. Walikuwa karibu na ukweli kuliko wengi waliotusifu.

Kumfundisha mtu wa kwaya asikariri ni kazi ngumu kuliko kumwachisha mtoto ziwa. Tumelelewa kwa kukariri. Siku hizi hata noti hatusomi. Mwalimu anaimba kila sauti kwenye simu, anatuma kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anameza kipande chake huku anasonga ugali, Jumapili wanakutana kukitema. Yule seremala alikuwa na mdundo mmoja aliokuja nao kila wiki, ameufua na kuupiga pasi, anadai umemjia sasa hivi. Siku moja nilimfunga mikono kwa khanga, akaanza kupiga kwa miguu kwa hasira, na hapo ndipo mdundo wenyewe ulipotoka. Hivyo ndivyo nilivyofundisha.

Katika kikundi alikuwapo mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Madaba, mwenye sauti nzito ya pili. Wote tulimwita Mama. Alikuwa amefiwa na binti yake, mtoto wake wa pekee. Msiba ulikuwa Madaba, nami nilikwenda. Mama hakulia. Alipokea wageni, aliulizia kuni, aliwatafutia wazee viti. Wanawake wa jikoni walikuwa wananong'ona bila hata kujificha: mama gani huyu, jicho kavu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia. Pale wa mbali walikuwa wamelia mpaka wamekaukiwa, na mfiwa anauliza kama mboga imetiwa chumvi. Nilipomuaga alinishika mkono. "Mwalimu, kilio nimekitafuta sikukiona," alisema. "Sijui kimekwenda wapi." Baada ya miezi michache alijiunga nasi, na nadhani alikuwa bado anakitafuta.

Kilikuja alasiri moja ya Alhamisi. Niliwapa zoezi: toa sauti ya kwanza inayokujia, usimfuate mtu. Wakaguna, wakapuliza vibuyu, seremala akagonga. Nikamwelekezea Mama kiganja. Alianza chini, kama mtu anayemwita aliyelala chumba cha pili na hataki kumshtua. Kisha sauti ikampanda. Halikuwa neno la Kiswahili wala la Kingoni. Ilipanda, ikakwama, ikavunjika, ikashuka vipande vipande, ikapanda tena hadi mahali ambapo sauti nzito haifiki. Nje jogoo akawika. Muuguzi akapiga chafya kwa vumbi. Kiti cha katibu wetu kikakwaruza sakafu. Wote walikuwa wameacha kupiga bila mimi kuonyesha ngumi. Mama alilia hadi akamaliza, akajifuta uso kwa khanga, akasema, "Samahani jamani." Tulikaa naye kidogo, kisha tukaenda makwetu.

Nimeongoza watu wengi maishani. Kama mtu angeniuliza kazi yangu ilikuwa nini, ningemwonyesha alasiri ile tu. Kumbe ilikuwa imerekodiwa.

Katibu wetu alikuwa mtumishi wa ofisi moja mjini, mwenye adabu na mchapakazi. Mchapakazi asiyejua anachofanya ni hatari kuliko mvivu, maana mvivu angalau huchoka. Simu yake ilikuwa mezani inarekodi, kama kawaida yake, kwa ajili ya kumbukumbu. Kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshatuma kilio cha Mama kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake vijipicha vya mioyo na mikono ya sala. Nilimwambia afute. Alifuta mara moja, tena kwa kuomba radhi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu alikuwa nacho kwenye simu yake.

Baada ya hapo nilikwenda Mbinga kumuuguza kaka yangu, nikakaa huko muda mrefu. Nikiwa huko likatoka tangazo la tamasha la utamaduni. Waandaaji walitaka kila kikundi kitangulize wimbo wake kwenye flashi ukaguliwe, na siku yenyewe kiimbe wimbo uleule uliokaguliwa. Kikundi chetu hakikuwa na wimbo. Mtu mwenye akili angesema hivyo akakaa nyumbani. Katibu alipeleka kilio cha Mama, na kilipita.

Siku niliyorudi nilishuka kwenye basi nikachukua bodaboda moja kwa moja hadi ukumbini. Nikiwa nje nilikisikia kile kilio, nikadhani wanaisikiliza rekodi, nikaingia nikiwa nimeshakasirika. Waliniona, wakatabasamu, wakaendelea. Walikuwa wanaiimba. Walikuwa wameigawa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, kama tunavyogawa wimbo wowote wa kwaya, na kila mtu amemeza kipande chake. Miguno iliyotoka bila mpango sasa ilitoka kwa mpango. Seremala aligonga palepale alipogonga siku ile. Kisha mwanamume mmoja wa sauti ya tatu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanyoosha shingo akawika kama jogoo. Muuguzi akapiga chafya. Katibu akakwaruza kiti.

Nilicheka, maana nilidhani ni mzaha. Kisha ikafika zamu ya Mama. Alikuwa amesimama mbele, mikono ubavuni, kama mtoto wa shule aliyeitwa kusoma. Akakitoa kilio chake. Katibu akainua mkono wote wakanyamaza, akabonyeza simu, tukasikia kilio cha siku ile. Akasema kwa upole, kwa heshima zote, "Mama, hapa pa pili unashuka mapema. Kwenye simu unakwama kwanza, ndiyo unashuka. Tujaribu tena."

Mama akajaribu tena. Akakwama kwanza.

Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta chai yote na maandazi ya safarini. Jogoo wa jirani, yuleyule aliyewika, akaja akaanza kuchakura pale. Nilimtazama akila, na nikasikia nyuma yangu mwenzake wa ndani akiwika kwa mara ya pili, safari hii kwa ufasaha zaidi.

Katibu alinifuata na chupa ya maji. "Pole Mwalimu. Ni safari? Tulitaka kukushtukiza."

"Mmefanya kinyaa," nilimwambia.

"Kinyaa kipi, Mwalimu? Si ulisema mwenyewe kwamba siku ile tulifika mahali hatujawahi kufika?"

"Nilisema. Sikusema mrudi na turubai mkajenge kambi."

Nilirudi ndani nikawaeleza wote. Niliongea kwa ukali, na wao walinisikiliza kwa heshima, jambo ambalo ni baya kuliko kubishiwa. Muuguzi alisema, "Lakini Mwalimu, ni kizuri. Tukikiacha kitapotea." Nilitafuta mwovu wa kumrushia hasira yangu sikumpata. Walikuwa wanampenda Mama. Walikikariri kilio chake jinsi unavyohifadhi picha ya marehemu kabatini, na kwa upendo huohuo walikuwa wanamvua nguo. Hilo ndilo lililokuwa likinipanda kooni. Nikawaambia kwamba kama ni hivyo, mimi siongozi. Mzee mmoja wa besi, mtu mpole sana, akanituliza. "Usihangaike, Mwalimu. Huu hauhitaji kuongozwa. Tunaujua."

Nilimvuta Mama pembeni, mlangoni.

"Mama, unataka jambo hili?"

"Nimeshakubali, Mwalimu."

"Sikuulizi kama umekubali."

Alikunja pindo la khanga, akalikunjua. "Watu wamejifunza kwa bidii, siwezi kuwaangusha. Halafu..." Alitazama barabarani. "Wanasema tamasha litarushwa redioni. Kule nyumbani Madaba wanasikiliza sana redio. Wale walisema sikumlilia mwanangu. Nataka wanisikie nikimlilia, Mwalimu. Mara moja tu."

Ningeweza kupambana na katibu, na waandaaji, na kukariri kwenyewe, lakini si na hilo. Nikamwambia nitaongoza. Nikamwambia pia kwamba tukifika pale pa kilio nitawaonyesha wenzake ngumi na yeye nitampa kiganja, na asahau simu, asahau kukwama na kushuka. Atoe kitakachokuja siku hiyo.

"Na kisipokuja?"

"Tutasubiri," nilisema. "Kimya chako pia kitasikika redioni."

Wale wengine nao niliwaambia. Mkiona ngumi, nyamazeni mpaka niwaite. Waliitikia, "Sawa Mwalimu," wote kwa pamoja, na ningepaswa kushtuka kwa jinsi walivyoitikia vizuri.

Tamasha lilikuwa Julai, baridi ya Songea imekaza, watu uwanjani wamevaa makoti na kofia za sufu. Spika zilikuwa zinakoroma kabla hata mtu hajazungumza. Mshereheshaji alitutambulisha kama kikundi kitakacholiza watu, akacheka mwenyewe kwenye maikrofoni, na mate yake nilikuwa nayaona juani. Kabla yetu kikundi kimoja kiliimba juu ya rekodi yake chenyewe. Flashi ikakwama, sauti zikaendelea kujirudia huku midomo yao imefungwa. Watu walipiga makofi. Nilijiambia, vumilia, mzee, Mama anahitaji dakika moja tu.

Tukapanda. Wenzangu walikuwa wanatazama mbele, kwa watu, si kwangu. Mama peke yake ndiye aliyenitazama. Miguno ikapita, vibuyu vikapita, seremala akagonga. Tulipofika pale nikakunja ngumi, na ajabu wakanyamaza. Nikamgeuzia Mama kiganja.

Hakutoa kitu. Alisimama na maikrofoni mbele ya kinywa, uwanja mzima ukatulia, na nikaona kidevu chake kikianza kutetemeka kama alasiri ile. Kilikuwa kinakuja. Kilikuwa kinatoka mbali, lakini kinakuja, na sikukishusha kile kiganja.

Sasa, kwenye kwaya zetu kuna desturi moja, nami nimewafundisha watu wengi desturi hiyo enzi zangu za kanisani. Mwimbishaji akisahau, msimwache aaibike. Mbebeni. Rukeni kwenye nafasi yake, mwimbe sehemu yake, mpaka apate kamba yake tena. Ni desturi nzuri, ya watu wanaooneana huruma. Wenzangu walimwona Mama amesimama na kinywa wazi bila sauti, wakadhani amesahau. Wakambeba.

Walilia kilio chake kwa sauti nne. Walianza chini, wakapanda, wakakwama pamoja, wakavunjika pamoja, wakashuka kipande kwa kipande, na besi wakiweka msingi chini yake. Hakuna aliyekosea. Ngumi yangu ilikuwa hewani wakati wote huo, na hakuna aliyeitazama. Nilimwona Mama akifunga kinywa taratibu. Kidevu chake kikatulia. Akageuza macho akawatazama wenzake, akawa anawasikiliza kama alivyokuwa anawasikiliza wageni msibani. Jogoo wetu akawika, watu wakacheka kwa furaha, na makofi yakaja kabla hatujamaliza.

Tuliposhuka, muuguzi alimkumbatia. "Usijali, Mama, hakuna aliyejua kwamba umesahau. Tulikubeba."

"Asanteni wanangu," alisema Mama. Alipofika kwangu alisimama akarekebisha khanga yake. "Wamelia vizuri kuliko mimi," akasema, wala hakuwa anakejeli.

Kikundi kiliendelea. Kilialikwa kwenye sherehe, kwenye mahafali, hata kwenye harusi moja, na kote huko kililia. Mimi sikurudi. Mara ya mwisho kukisikia kilio kile nilikuwa sokoni nanunua maharage. Kilitoka mfukoni mwa mtu, simu yake ilikuwa inaita. Aliiacha iite kidogo, akasikiliza, ndipo akapokea.

Mama alihamia Madaba moja kwa moja. Nilimtembelea wakati wa mavuno, nikapanda basi la Njombe nikashuka barabarani, nikatembea hadi kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Alinipa kigoda na ungo, nikaanza kumsaidia. Alinionyesha kwa kidevu kaburi la binti yake kule nyuma, limepandwa maua mekundu.

Wanawake wawili wakapita njiani na mizigo ya kuni. Niliwatambua, walikuwa jikoni siku ya msiba. Wakasimama wakatusalimu vizuri, na mmoja akasema, "Mama, juzi tena redio imeupiga ule wimbo wenu. Mzuri kweli. Utufundishe na sisi tuimbe kwenye ngoma yetu ya kioda."

"Haya, mtakuja," Mama aliwajibu. Wakaenda zao, na mmoja wao alikuwa anauvumisha puani, sauti ya kwanza.

Nilitema mate chini. Sikuweza kujizuia. Mama alinitazama, akatabasamu kidogo, akaendelea kupukuchua.

"Siku ile kilikuwa kinakuja, Mwalimu," alisema.

"Nilikiona."

"Huwa naenda pale kaburini asubuhi, nikiwa peke yangu. Nakaa. Mara nyingine kinaanza." Alichukua hindi lingine akaligeuza mkononi. "Lakini kikianza tu nawasikia wao, sauti zote nne, wamenitangulia. Nikimlilia mwanangu siku hizi naona kama naiga."